Kuandika wosia si kujichuria kifo

Hebu taja neno wosia mezani leo jioni uone utakavyotazamwa. Mama atakwambia uache uchuro, naye baba atajificha nyuma ya gazeti. Kumbe aliyeandika wosia hafi upesi kuliko asiyeandika!

Fundi mmoja wa magari mtaani kwetu hakuogopa. Aliandika wosia wake daftarini, akamwachia mkewe nyumba. Kisha akamwita mkewe huyo huyo na kifungua mimba wao watie sahihi wakiwa mashahidi. Maskini, hakujua alikuwa akimpokonya. Sheria ya Urithi ya Kenya yasema kuwa shahidi akiachiwa mali, alichoachiwa hubatilika, ila kama kuna mashahidi wengine wawili wasio na fungu lolote. Hawakuwapo. Nyumba ikahesabiwa kama mali isiyo na wosia, nao mashemeji wakapata pa kuanzia maneno.

Usije ukateleza hivyo. Ukiwa umetimiza miaka 18 na akili zako ni timamu, waweza kuandika wosia. Tia sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiorithi kitu, nao watie zao mbele yako. Wosia wa mdomo pia hukubaliwa ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili, lakini ukiishi zaidi ya miezi 3 hauna nguvu tena. Ukioa au kuolewa baadaye, andika mwingine, kwa maana ndoa huuvunja ule wa kwanza usioitaja. Ndugu zetu Waislamu wana sheria yao ya mirathi, wamwone kadhi.

Na msimamizi wa wosia je? Wengi humteua kaka mkubwa kwa sababu ya mvi zake tu. Lakini kazi yenyewe ni kulipia mazishi, kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kilichobaki na kutoa hesabu kortini. Je, kaka huyo hukurudishia chenji ukimtuma dukani? Anaweza kuketi na wakwe zako bila kutikisika? Mkeo au mumeo pia aweza kuwa msimamizi hata kama anarithi. Teua wawili, ili mmoja akikataa au akitangulia, mwingine awepo. Muulize kwanza, umwambie na mahali wosia ulipo. Wosia uliofichwa chini ya godoro usiojulikana na mtu ni sawa na kutoandika.

Nawe mwanafunzi, usidhani haya ni ya wazee. Mali ikishikwa na kesi, karo yako ndiyo hukwama kwanza. Waulize wazazi kwa adabu, si kwa tamaa.

Yule mjane angali anapanda ngazi za korti. Mumewe alimpenda, alichokosa ni mashahidi wawili tu. Tuonane Jumapili ijayo.