Ukingo Usiokatika: Ilani ya Wakulima wa Kangema

Sisi wakulima, wachuma chai, walimu na vijana wa Kangema tumekubaliana haya.

Tunachokiona

Mito yetu hushuka kutoka milima ya Nyandarua, ikapita kwenye chai, kisha kahawa, hadi Tana. Tangu ardhi ilipounganishwa na kupimwa miaka ya 1950, mashamba mengi huku ni vipande vyembamba vinavyoanzia mgongoni mwa kilima na kuishia majini. Kila mmoja ana hatua chache tu za ukingo. Huyu akilima nduma mpaka majini, yule akapanda mikaratusi, wa tatu akafyeka vyote, ukingo mzima huwa viraka.

Ingia mtoni, juu ya mahali maji ya kumenyea kahawa yanapomwagwa, upindue jiwe. Utakuta wadudu wachanga wenye mikia mitatu wameling'ang'ania, na kaa akitoroka. Sogea chini wakati wa mavuno, pindua jingine: utelezi, na vijidudu vyekundu kama minyoo. Bakteria hula sukari ya maganda na kumaliza oksijeni. Udongo uliomomonyoka hufukia maficho yaliyosalia.

Nchi kavu nako ni vivyo hivyo. Mabonde ya Mukurwe-ini, Nyeri, ni makazi ya ndege Turdoides hindei, asiyepatikana nje ya Kenya. Huishi kwa makundi vichakani, hata vya lantana. Kichaka kikifyekwa, kundi halina pa kujificha wala pa kutagia.

Tunachoamini

Mto huharibikia shambani kabla ya kuharibikia mtoni. Na mita 20 za miti kati ya mashamba mawili matupu hazimfikishi ndege popote, wala hazizuii udongo wa jirani. Bidii ya mtu mmoja haitoshi. Wangari Maathai alianzisha upandaji wake wa miti mwaka 1977 kwa vikundi vya wanawake. Nasi tunaanza kwa majirani.

Tunaahidi

1. Kuacha angalau mita 6 kando ya maji bila jembe wala dawa.
2. Kuondoa mikaratusi ya ukingoni polepole, tukipanda mikuyu, miringa na mikoigo.
3. Kutofyeka kichaka chote kwa mkupuo. Kipya kishike kwanza.
4. Kuchimba matuta na kupanda nyasi za nepia kukingama mteremko.
5. Kupindua mawe kila msimu pamoja na wanafunzi, na kubandika matokeo sokoni.

Tunadai

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima ndani ya mita 6 hadi 30 za ukingo. Mamlaka ya Rasilimali za Maji iweke vigingi, kwa mwenye ekari nyingi na mwenye robo ekari sawasawa. Viwanda vya kahawa virudie kutumia maji yake, na machafu yaishie mashimoni. Kaunti ya Murang'a itoe miche ya kienyeji, na imfidie mkulima mdogo anayepoteza nduma zake.

Shamba lako likigusa maji, kaa na jirani wa juu na wa chini kabla ya mvua za Machi, mpime mstari mmoja. Kisha njooni mjiandikishe wote watatu. Hatusajili shamba moja moja.