Njia ya Shule Nayo ni Darasa

Sisi walimu hatuna budi kujiuliza: je, mtoto achelewaye njiani amepoteza wakati? Mtazame wa Kikoneni atokapo shuleni. Aviringisha ringi kuukuu ya baiskeli, atengeneza kititia cha ukuti, atega vitendawili kwa Kidigo na Kiswahili. Hakutumia hata senti moja, na lugha zake mbili zimekua.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unatambua haki ya kucheza katika kifungu cha 31. Tukizijaza jioni zote masomo ya ziada, tutapata wanafunzi wanaofaulu mitihani lakini wasioweza kuitaja miti ya kwao. Tusiwanyang'anye njia yao.