Sinema ya Totoro na Watoto Wetu



Mama mmoja wa kigango cha jirani alinijia baada ya Misa, uso umekunjamana. Wanawe walitazama kwenye simu ya mjomba wao sinema ya Wajapani yenye dubwana la mwituni, na tangu siku ile wanauzunguka mwembe wakilitafuta. Akaniuliza, je, ni dhambi? Nikamwomba anipe juma moja nami niitazame. Nimeitazama mara mbili, mara ya pili pamoja na wajukuu.

Sinema yenyewe yaitwa Tonari no Totoro. Aliyeitunga ni Bwana Miyazaki Hayao wa Studio Ghibli, nayo ilionyeshwa kwanza huko Japani mwezi wa Aprili 1988. Hamna watu humo. Ni picha zilizochorwa kwa mkono, nyingi mno, hata zikatembea. Yachukua dakika 86.

Habari ni hii. Miaka ya 1950, mabinti wawili, Satsuki wa miaka kumi na Mei wa miaka minne, wahamia shamba pamoja na baba yao. Mama yao yumo hospitalini. Siku moja Mei amkuta Totoro amelala chini ya mti mkubwa wa kafuri: mnyama mnene wa manyoya, mkubwa kama kihenge, asiyesema ila kunguruma. Mtoto ampanda tumboni, kisha naye asinzia.

Wajukuu wangu hawakuogopa hata kidogo. Hamna mtu mwovu humo wala kupigana. Walipotulia kabisa ni pale penye mvua. Usiku umeingia, Satsuki amngoja baba kituoni, mdogo wake amelala mgongoni. Totoro aja kusimama kando yao, jani kichwani. Satsuki ampa mwavuli wa baba. Totoro asikia matone yakipiga juu ya mwavuli, afurahi, aruka kwa kishindo ili matawi yamwage matone mengine. Basi, ni hayo tu! Lakini watoto wetu wanajua mvua, wanajua kungoja basi lisilokuja, na wanajua uzito wa mdogo aliyelala mgongoni. Sikuwafasiria neno.

Mahali pamoja nilisimamisha picha. Baba awapeleka mabinti chini ya mti ule, nao wauinamia na kuushukuru. Wajapani wengi tangu kale huiheshimu miti mikubwa, wakisadiki kwamba mna roho ndani yake. Nikawaambia wajukuu kwamba sisi twamshukuru Yeye aliyeuumba mti. Mmoja akauliza, "Na Totoro, babu, kaumbwa naye?" Nikamjibu, Totoro kaumbwa na Bwana Miyazaki, kwa penseli.

Lakini lililonigusa mimi ni habari ya yule mama mgonjwa. Bwana Miyazaki, aliyezaliwa mwaka 1941, alikua huku mama yake amelala kitandani miaka mingi kwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ndiyo sababu anajua. Katika sinema, simu ya maandishi yaja kutoka hospitali; mama hataweza kuja nyumbani kama alivyoahidi. Satsuki amkaripia mdogo wake, kisha alia. Na Mei, kwa kuwa bibi jirani alisema mboga za shamba lake zitamponya mama, achukua hindi moja bichi na kushika njia ya hospitali peke yake, apotee. Kijiji kizima chamtafuta hata bwawani.

Marehemu mke wangu alipolazwa miezi mitatu, niliwaambia watoto amekwenda kumsalimu shangazi. Nilidhani nawahurumia. Binti yetu wa pili akaacha kula; alidhani mama amemkimbia kwa sababu alivunja mtungi. Alinieleza jambo hilo alipokuwa amekwisha olewa.

Mama yule nimemjibu hivi: dhambi haimo. Lakini uketi nao, na wakikuuliza juu ya mama wa Mei, usiwakatize. Kisha uichukue simu, maana huleta sinema nyingine bila kuombwa. Ipo moja, Hotaru no Haka, ya Studio Ghibli vilevile, iliyotoka pamoja na hii. Ndugu wawili yatima wanakufa kwa njaa kwa sababu ya vita. Hiyo ingoje mpaka wawe wakubwa.