Neno la Siri Peke Yake Halitoshi

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wageni watokao nchi za nje waliwekewa sharti la kukata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, na malipo yake hufanywa kwa mtandao. Hiyo ni alama moja tu ya safari kubwa zaidi: shughuli za umma zinahama kutoka dirisha la karani kwenda katika kompyuta na simu. Safari hiyo twaiunga mkono. Lakini yafaa kila mfanyakazi afahamu ni kitu gani kimlindacho humo, na ni nani mwenye wajibu wa kukilinda.

Wengi wetu tumefundishwa kuficha neno la siri, tukadhani kazi imekwisha. Sivyo. Mtandao kwa asili yake hauna kumbukumbu. Kila unapoomba ukurasa, seva hukuona kama mtu mpya. Ili usiulizwe neno la siri kila mara, seva ikishakutambua hukupa alama iitwayo tokeni, na kivinjari chako huionyesha katika kila ombi. Ni kama kile kipande chenye nambari utoacho kwa dobi: ajaye nacho ndiye apewaye nguo.

Basi mwenye kuiba tokeni hana haja ya neno lako la siri. Haya si maneno ya kutishana. Septemba 2018 kampuni ya Facebook ilitangaza kuwa imevamiwa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba tokeni za watu wapatao milioni 30 ziliibwa. Wenye akaunti hawakukosa lolote. Kasoro ilikuwa katika programu yenyewe tangu Julai 2017. Dawa ilikuwa kuzifuta tokeni, na watu wapatao milioni 90 wakalazimika kuingia upya.

Kwa hiyo twasema: si haki kila wizi ukitokea kumwambia mwananchi kuwa amezembea. Mzigo wa kwanza ni wa mjenzi wa mfumo. Tokeni itolewe mpya kila mtu anapoingia. Isafiri katika njia iliyosimbwa. Isiandikwe kamwe katika anwani ya ukurasa. Na mtu akitoka, seva yenyewe iifute, si kuiondoa machoni tu. Wataalamu wa OWASP hushauri kwamba mfumo wa kazi nyeti umtoe mtu baada ya dakika 2 hadi 5 za ukimya, na ule usio na hatari kubwa baada ya 15 hadi 30.

Wako watakaosema kuwa muda mfupi ni udhia, hasa mtandao unapokuwa mzito. Ni kweli. Lakini fomu iliyojazwa nusu yaweza kuhifadhiwa ikamngoja mwenyewe. Fedha iliyokwenda hairudi kwa wepesi.

Nasi wafanyakazi tuna sehemu yetu. Kompyuta moja ya ofisi hukaliwa na watu wengi kwa siku, na kufunga dirisha si kutoka. Tutoke kweli kweli kabla ya kuinuka kitini.

Na kila taasisi inunuapo mfumo mpya, kabla ya kutia saini na iulize swali hili moja: mtu akishatoka, tokeni yake hufa, au huendelea kuishi? Asiyeweza kulijibu hastahili kukabidhiwa amana ya wananchi.