Tufaha la Vuli Jikoni
Neno vuli, ambalo kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni mvua fupi za kati ya Oktoba na Disemba, hutumika pia kutaja majira ambapo miti ya kaskazini mwa dunia hubadili rangi na kupukutisha majani, na nchini Uingereza hayo ndiyo majira yanayowarudisha watu jikoni. Tunda linalotawala wakati huo ni tufaha la kupikia liitwalo Bramley, ambalo mti wake wa kwanza uliota kutokana na mbegu aliyoipanda msichana Mary Ann Brailsford mjini Southwell mwaka 1809. Likiwa bichi ni kali kiasi cha kukunja uso, kwa kuwa lina asidi nyingi, lakini likibandikwa motoni na maji kidogo, vipande vyake huvimba, hupasuka na kurojeka kama uji mzito, na ukali uleule ndio unaolinda ladha yake hata likikolezwa sukari. Likifunikwa kwa unga uliofikichwa na siagi hadi ukawa chengachenga, kisha likaokwa, hupatikana krambo, yaani kitindamlo ambacho juu ni kikavu chenye rangi ya dhahabu na ukingoni hutokota rojo tamu. Na wapo wanaotia punje mbili za karafuu, kiungo ambacho Unguja na Pemba zimekiuza nje tangu karne ya 19. Hakika ni anasa ya bei nafuu kuliko zote, hasa jioni ya Novemba, giza linaposhuka kabla ya saa kumi na moja na vioo vya madirisha kufunikwa na mvuke wa sufuria.