Ukitaka kuiona kompyuta ya duka ukiwa mbali, ufunguo uwe wako



Kutoka Busia hadi Malaba ni kama kilomita 30. Si mbali, lakini ukiwa na duka la uwakala katika miji yote miwili unajua vile nauli hiyo inakula faida. Asubuhi uko Busia unahesabu floti. Saa sita unapigiwa simu kwamba ripoti ya Malaba haifunguki. Jioni kuna mteja anadai alituma pesa, na rekodi iko kwenye kompyuta ya lile duka lingine. Kwa mawakala wa forodha ni hivyo hivyo: dereva wa lori yuko kwenye foleni Malaba, mwenye mzigo yuko Busia, na stakabadhi zimelala ndani ya mashine moja.

Kwa hivyo si ajabu mtu kuuliza: naweza kuiona kompyuta ya duka kutoka mahali nilipo? Unaweza. Na kama kompyuta yako inatumia Linux, kama zile nyingi kuukuu zilizofufuliwa baada ya Microsoft kumaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, unaweza kufanya hivyo bila kununua programu yoyote.

Lakini sisi tuna maoni yetu kuhusu jambo hili, na tutayasema wazi. Kuifikia kompyuta yako ukiwa mbali si hatari yenyewe. Swali ni nani aliyefungua mlango. Ukifunguliwa na wewe, kwa ufunguo wako, na unajua kuufunga, hicho ni chombo cha kazi kama kalamu na daftari. Ukifunguliwa kwa maagizo ya mtu usiyemjua aliyekupigia simu, huo ni wizi ambao bado tu haujakamilika.

Wizi wenyewe huanzaje

Mtu anapiga simu. Anajitambulisha kama mhudumu wa kampuni ya malipo, au wa benki. Anasema laini yako ya uwakala ina hitilafu na itafungwa leo. Anakuomba upakue programu ya kusaidiana kwa mbali, halafu umsomee nambari ndefu inayotokea kwenye skrini. Ukimsomea, kwisha. Sasa anaona kila unachokiona.

AnyDesk, TeamViewer na RustDesk ni programu halali, na mafundi wengi wazuri wanazitumia kila siku. Shida iko kwa yule anayekuharakisha. Na shida ni kubwa zaidi ikiwa programu hiyo imewekwa kwenye simu. Simu ndiyo yenye pochi yako, na ndiyo inayopokea ujumbe wenye nambari ya kuthibitisha. Mtu anayeiona skrini ya simu anasoma ujumbe huo sekunde ile ile unayousoma wewe. Ukimpa na ruhusa ya Ufikivu kwenye Android, programu inaweza hata kubonyeza kwa niaba yako.

Kwa hivyo kanuni yetu ya kwanza haina mjadala: simu yenye pochi isionekane na mtu yeyote kwa mbali. Wewe kutumia simu yako kuitazama kompyuta yako ya dukani, hiyo ni sawa. Mtu mwingine kuitazama simu yako, hapana.

Weka mwenyewe, au simama karibu na fundi

Kuna wanaosema mambo ya Linux ni ya mafundi, mwenye duka aache tu. Hatukubaliani nao. Si lazima ujue kila kitu, lakini lazima ujue vitu viwili: akaunti imesajiliwa kwa jina la nani, na nenosiri analijua nani. Mengine fundi anaweza kukufanyia.

Kwa kompyuta nzee tunapendekeza Linux Mint ya Xfce au Xubuntu, kwa sababu ni nyepesi. Hatua ni hizi, na zote zifanyike ukiwa umekaa mbele ya mashine yenyewe.

Kwanza, tengeneza mtumiaji wa pekee wa kazi hii, asiye na mamlaka ya msimamizi:
sudo adduser mbali
Mpe nenosiri refu lisilofanana na PIN yako wala mwaka wako wa kuzaliwa. Faili unazotaka kuziona ukiwa nje, ziweke kwenye folda ambayo mtumiaji huyu anaruhusiwa kuisoma. Kwa njia hii, hata nenosiri lake likivuja, mwizi hajapata mashine nzima.

Pili, weka programu inayopokea wageni:
sudo apt update
sudo apt install xrdp
sudo systemctl enable --now xrdp
Kama unatumia Ubuntu ya kawaida ya 24.04, tayari kuna huduma ya aina hii ndani ya Settings, System, Remote Desktop. Chagua moja kati ya hizo mbili. Ukiwasha zote zitagombania mlango mmoja, nambari 3389.

Tatu, jaribu ukiwa ndani ya duka, kwenye Wi-Fi moja. Andika hostname -I upate anwani ya mashine, kisha uifungue kutoka laptopu nyingine kwa Remmina, au kwa Remote Desktop Connection kama ni Windows. Kama haifunguki hapa ndani, haitafunguka kutoka Malaba. Usisonge mbele.

Nne, njia ya kutoka nje. Hapa ndipo watu wengi hukwama, na hapa ndipo ushauri mbaya hupatikana kwa wingi. Duka likitumia modemu ya laini ya simu, kwa kawaida mtandao haukupi anwani yako mwenyewe inayoonekana nje. Wateja wengi mnashiriki moja. Ndiyo maana ukiandika anwani ile ya Wi-Fi ukiwa mjini kwingine hakuna kitu. Na kama una ruta yenye anwani yake, utaambiwa fungua mlango 3389 kwenye ruta, mambo yaishe. Tafadhali usifanye hivyo. Kuna programu duniani zinazozunguka usiku na mchana zikigonga mlango huo na kubahatisha manenosiri, na haziulizi kama duka ni la Busia au la London.

Badala yake tumia njia ya siri kati ya mashine zako mwenyewe. Tailscale, iliyojengwa juu ya WireGuard, ni mojawapo ya rahisi: unaiweka kwenye kompyuta ya duka na kwenye kifaa unachotembea nacho, na kila kimoja kinapata anwani inayoanza na 100. Halafu funga milango mingine yote:
sudo ufw allow in on tailscale0 to any port 3389 proto tcp
sudo ufw enable

Sasa lile jambo la jina. Akaunti ya Tailscale isajiliwe kwa barua pepe yako, si ya fundi, na barua pepe hiyo iwe na uthibitisho wa hatua mbili. Ikiwa ni ya fundi, basi ufunguo wa duka lako uko mfukoni mwake hata kama mmekosana, hata kama amehamia Eldoret. Hatusemi mafundi ni wezi. Tunasema hata seremala mwaminifu aliyekuwekea kitasa hukukabidhi funguo zote akiondoka. Fundi akimaliza, badilisha nenosiri mbele yake: sudo passwd mbali. Fundi mzuri hatakasirika.

Ikikataa kufunguka

Angalia kwa utaratibu huu, kuanzia nje kuingia ndani.

Je, mashine iko hewani? Andika tailscale status kwenye kifaa chako. Kama kompyuta ya duka inaonyesha offline, tatizo si xrdp. Mpigie kijana wa dukani. Pengine stima imepotea, bando limeisha, au kompyuta imelala. Zima mipangilio ya kulala kwenye Power Manager. Na mashine nyingi zina chaguo ndani ya BIOS la kujiwasha stima ikirudi, liwashe.

Je, modemu imevuka mpaka? Hili ni letu sisi watu wa hapa. Ukiwa karibu na mpaka, simu au modemu inaweza kushika mtandao wa Uganda wakati wewe umekaa Kenya. Bando la Kenya linaacha kufanya kazi, au unakatwa pesa za kutumia mtandao wa nje. Ingia kwenye mipangilio ya modemu, zima data ya nje ya nchi, na uchague mtandao wako kwa mkono badala ya kuiacha ijichagulie.

Je, huduma inafanya kazi? Mtu aliye dukani aandike systemctl status xrdp. Kama haisemi active, aandike sudo systemctl restart xrdp.

Unaingiza nenosiri halafu skrini inabaki nyeusi? Sababu ya kawaida ni kwamba mtumiaji huyo huyo tayari ameingia kwenye mashine ile pale dukani. Mwambie aliyepo atoke. Hii ni faida nyingine ya kuwa na mtumiaji wa pekee. Ikibaki nyeusi bado, ingia kama mtumiaji yule kwenye mashine yenyewe na uandike: echo xfce4-session > ~/.xsession. Kisha toka na ujaribu tena.

Inafunguka lakini inavuta miguu? Punguza rangi na ukubwa wa skrini kwenye Remmina. Daftari la hesabu halihitaji picha ya sinema.

Na mara moja kwa wiki, hata kama kila kitu ni shwari, fungua sudo less /var/log/xrdp-sesman.log uone nani ameingia na saa ngapi. Ukiona saa nane usiku na wewe ulikuwa umelala, badilisha nenosiri kabla ya chai.

Mambo matatu ambayo hatungefanya

Hatungefanya malipo kwa njia hii. Tumia kompyuta ya mbali kusoma ripoti, kulinganisha daftari, kutuma stakabadhi. Kuidhinisha pesa kubaki kwenye simu iliyo mkononi mwako. Na ukurasa wa tili ukiwa umefunguka dukani, ufungwe kabla ya fundi yeyote kuruhusiwa kuingia kwa mbali.

Hatungemchungulia mfanyakazi kimya kimya. Kijana anayekaa dukani ana haki ya kujua kwamba mashine inaweza kufunguliwa kutoka nje, na lini. Mkiaminiana atakuwa wa kwanza kukwambia ameona kishale kikitembea chenyewe. Ukimficha, ataona kishale kinatembea na atadhani ni wewe.

Tena hatungesahau kwamba rekodi zile si zetu peke yetu. Daftari la wakala lina majina ya watu, nambari za simu na za vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzilinde. Na anayeingia kwenye kompyuta bila idhini anavunja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, ambayo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ni sheria nzuri, lakini haikurudishii floti jioni ile ile.

Tunajua kuna atakayesema njia hii ni ndefu, na kwamba programu ya kusoma nambari inamaliza kazi kwa dakika mbili. Ni kweli. Kwa fundi unayemjua, aliyekaa nawe kwenye simu kwa shida moja, ukiitoa programu baada ya hapo, hatuna ugomvi nayo. Ila mlango unaotumika kila siku hauwezi kuwa ule ambao mtu yeyote mwenye maneno matamu anaweza kukuomba uufungue. Ukishazoea kusoma nambari za skrini kwa simu, siku moja utamsomea mtu asiye sahihi, na siku hiyo hutajua.

Sisi nasi, na kampuni zote za malipo, tuna deni kwa mawakala wa mpakani: kuyasema haya kabla ya hasara, kwa lugha wanayoielewa. Hatutakupigia kukuomba PIN. Hatutakuomba nambari ya kuthibitisha. Hatutakuomba upakue programu ya kutuonyesha skrini yako, ya simu wala ya kompyuta. Akikupigia mtu kwa jina letu akitaka mojawapo ya hayo, kata simu, kisha utupigie wewe mwenyewe kwa nambari ya huduma kwa wateja unayoijua, si ile aliyokupa yeye.