Bustani ya Nyumbani: Mkasi Ndio Rafiki wa Mwaridi

Mtu atoapo fedha zake kununua mche mzuri wa mwaridi, mara nyingi huuhurumia kupita kiasi. Huupalilia na kuumwagilia maji kila jioni, lakini kuukata hathubutu, kwani aona kuwa kukata ni kuharibu mali. Baada ya miaka michache mwaridi huwa mrefu kuliko dirisha, mashina yake yamekuwa matupu huku chini, na vijiua vichache viko juu pasipofika mkono. Wahenga walisema, Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Asili ya jambo hili ni tabia ya nchi. Huko Uingereza baridi kali huulazimisha mwaridi kupukutisha majani na kupumzika kila mwaka. Katika nyanda za juu za Kenya hakuna baridi ya namna hiyo, nao huchanua mwaka mzima. Ndiyo maana mashamba ya Naivasha huweza kupeleka maua Ulaya kila mwezi. Basi mmea usiopumzishwa na majira hauna budi kupumzishwa na mkasi.

Kazi yenyewe ifanywe wakati udongo una unyevu, wala si katikati ya kiangazi. Kwanza yaondolewe matawi yaliyokufa, yenye ugonjwa, yaliyo membamba kuliko penseli, na yale yanayosuguana. Kisha yachaguliwe matawi manne au matano yenye nguvu, yakatwe kiasi cha nusu ya urefu wake. Kila tawi likatwe robo ya inchi juu ya jicho linalotazama nje, na mkato uteremke upande usio na jicho, ili maji ya mvua yasilifikie. Mkasi uwe mkali na safi. Mwisho mmea upewe debe moja la samadi iliyooza vema, isiguse shina. Maua mapya huonekana yapata majuma sita hadi manane baadaye, na mahali penye baridi huchelewa zaidi.

Wengine hulalamika kwamba mwaridi wao mwekundu umegeuka rangi. Haukugeuka. Miche mingi inayouzwa ni ya aina bora iliyounganishwa juu ya shina la mwaridi mwingine wenye mizizi imara. Chipukizi litokalo chini ya kiungo hicho ni la yule wa chini, nalo likiachwa hunyonya chakula chote hata aina bora ikafa. Lifukuliwe mpaka linapoanzia, ling'olewe kwa kuvutwa. Likikatwa juu ya ardhi tu, litachipua tena kwa wingi.

Maji nayo yamwagwe asubuhi, shinani na si juu ya majani, kwa sababu majani yanayolala na umande wa kumwagiwa hupata ugonjwa wa madoa meusi. Majani yaliyoanguka yakiwa na madoa hayo yaokotwe na kuchomwa moto.

Jirani apitaye siku ya kukata huenda akacheka kuona vijiti vitupu mahali palipokuwa na kichaka. Mwenye bustani na amwache acheke. Baada ya miezi miwili atakuja mwenyewe kuomba ua la kupeleka kanisani.